Msilaumu nenosiri kabla ya kutazama modemu

MHARIRI,

Naomba nafasi nizungumze na mafundi wenzangu, hasa vijana wanaoitwa kwenye maghala ya Industrial Area kutazama zile kompyuta kuukuu zinazoendeshwa na mfumo wa Unix, ambazo watu bado huziingia kwa modemu, yaani kifaa kinachogeuza data kuwa sauti ipite kwenye laini ya simu. Atakayesema hazipo, aje nimtembeze. Zipo zinazoandika uzani wa malori, zipo zinazotunza rejista ya stoo, na mwenye mali haoni kwa nini azitupe maadamu kila asubuhi karani wa lango la nyuma anapiga namba ya ndani ya swichibodi, modemu zinapigiana kelele, na hesabu inafika. Waya mtupu usingefaa: kiwango cha RS-232, cha kuunganisha kompyuta na vifaa vyake, kilikusudiwa waya wa kama mita 15, na ua wa ghala ni mpana kuliko hapo.

Lawama yangu ni hii. Karani akisema "siwezi kuingia", fundi anabadilisha nenosiri. Asipoingia tena, anabadilisha la kila mtu, kisha anamwambia bosi kwamba mashine imezeeka, inunuliwe nyingine. Hivi karibuni nilikuta hayo yamefanyika mahali ambapo kompyuta haikuwa imefika hata pa kumwuliza karani nenosiri. Kabla ya hapo lazima modemu ipokee simu, iiarifu kompyuta kwamba kuna mtu, kisha programu iitwayo getty itoe neno login: kwenye skrini ya anayepiga. Kama karani hajaliona neno hilo, nenosiri halina hatia.

Kilichotokea ni kwamba stima ilipotea wikendi. Modemu ya nje hukumbuka tu mipangilio iliyohifadhiwa kwa amri &W; mingine yote hupotea pamoja na stima. Ilipowashwa Jumatatu, S0, yaani idadi ya milio modemu inayosubiri kabla ya kupokea simu, ilikuwa imerudi sifuri, maana yake isipokee kabisa, kwa hiyo simu iliita tu bila kupokelewa. Ubaya zaidi, taa ya CD ilikuwa ikiwaka muda wote. Taa hiyo maana yake ni "nina mtu kwenye laini", na kompyuta ikaamini. Getty ikatoa login:, modemu, ambayo ilikuwa ikirudisha kila inachoandikiwa, ikairudisha ileile, getty ikadhani hilo ni jina la mtu na kuomba nenosiri. Zikahojiana hivyo kutwa kucha. Simu ya kweli ilipoingia, modemu ilitangaza RING, yaani simu inaita, na kompyuta ikamkaribisha Bwana RING na kumtaka nenosiri, ambalo bila shaka hakuwa nalo.

Dawa yake haihitaji mashine mpya. Chomoa modemu kwenye kompyuta, ichomeke kwenye laptopu yako kwa adapta ya siriali. Za maduka ya Luthuli Avenue zinatosha. Andika AT&V uone mipangilio ilivyo (za US Robotics hutumia ATI4). Kisha andika ATE0Q1&C1&D2S0=1&W. E0 huizuia modemu kurudisha maandishi, Q1 huinyamazisha isitangaze RING wala CONNECT, &C1 huifanya taa ya CD iwake pale tu modemu ya pili inaposikika, na S0=1 huifanya ipokee simu mlio wa kwanza. Baada ya Q1 modemu haitakujibu tena OK. Haijafa! Ukitaka izungumze, andika ATQ0E1 hata kama huoni unachoandika.

&D2 nimeacha kuieleza makusudi, kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi. Hiyo huifanya modemu ikate simu pale kompyuta inapoangusha ishara ya DTR, yaani mtu anapojitoa. Mwenzake &C1 hufanya kazi ya upande wa pili: laini ikikatika ghafla, ishara ya CD huanguka, na Unix humfungia mtu yule kazi zake. Mahali ambapo viwili hivi havijapangwa, meneja akikatikiwa na simu katikati ya kazi, kazi yake hubaki wazi. Anayepiga baada yake hataulizwa jina wala nenosiri. Hutua moja kwa moja ndani ya kazi ya meneja. Nenosiri lako liwe na herufi ngapi, hapo halikusaidii. Mimi hulijaribu jambo hili kila ninapoitwa: naingia, nachomoa waya wa simu bila kujitoa, napiga tena. Nisipoona login:, siondoki mpaka nipajue pa kurekebisha.

Kwenye SCO, aina ya Unix ambayo ndiyo nimeikuta zaidi, kuna mtego mwingine. Poti moja, yaani tundu la kuchomekea modemu, ina majina mawili, tty1a na tty1A. Yenye herufi ndogo haijali ishara za modemu hata kidogo. Yenye herufi kubwa ndiyo ya modemu. Zima ya kwanza kwa disable tty1a, uwashe ya pili kwa enable tty1A, na usiwashe zote mbili kwa pamoja. Nimeona modemu nzima ikitupwa kwa sababu ya herufi hiyo moja.

Skrini ikijaa takataka kila siku, kasi za pande mbili hazilingani, au upande mmoja unatumia biti 7 kwa kila herufi na mwingine 8. Ikijaa siku za mvua tu, kagua waya wa simu. Na ipo hali moja ambapo nenosiri sahihi hukataliwa kweli: karani ameacha Caps Lock, akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Unix ya zamani hudhani skrini yake haina herufi ndogo, ikaanza kugeuza kila anachoandika, nenosiri likiwemo. Akate simu, aanze upya kwa herufi ndogo.

Kwa wenye maghala nina ombi. Wengi wenu sasa mnang'oa swichibodi na kuweka simu za intaneti. Simu hizo mara nyingi huibana sauti ili ichukue nafasi kidogo. Sikio la mtu huvumilia, modemu haivumilii. Kabla ya kutia sahihi, mwambieni mwenye kandarasi aache jozi moja ya waya wa shaba kati ya lango na ofisi, la sivyo mtaletewa fundi wa kubadilisha maneno ya siri tena.

Fundi wa kompyuta,
Buruburu, Nairobi