Baba Nasra, kabla hujalipa hiyo gari

Arusha, Jumapili usiku

Baba Nasra, salama ndugu yangu? Mama Nasra na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, baridi tu ndo imeanza kubana. Zile picha za gari nimeziangalia zote na orodha ya vitu unavyotaka kufunga nimeisoma mara mbili, nikaona meseji haitoshi, nikuandikie kabisa, maana safari ya kutoka huku mpaka Zambia na familia ndani siyo ya kubahatisha.

Tuanze na hiyo Land Cruiser V8. Ni gari tamu, sibishi, kwenye lami ya Dodoma unaenda umekaa kama sebuleni. Lakini umeniambia unataka kupita Itigi, Rungwa, Chunya ndo ushuke Mbeya, na kutoka pale njia panda ya Mkiwa, kule Singida, mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 500, kuna maeneo ni pori tu na inzi wa ndorobo wanakufuata dirishani. Sasa uko katikati ya hilo pori taa ya injini ikawaka, gari ikagoma kuvuta, nani anakuja na kompyuta ya kuisoma? Mimi gari ya porini naiuliza hilo kwanza, ikizima nani ataigusa. Mkonga, ile Land Cruiser ngumu ya kazi, wenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya 4.2 ya silinda sita isiyo na turbo, pampu na nozeli zake ni za kizamani, na mafundi waliokulia kwenye magari ya misheni na ya maliasili wanaijua kwa kupapasa tu. Mlimani ni mzito, kweli, na kelele zipo. Ila unafika.

Ukipata mkonga usihangaike na kilomita za kwenye dashibodi, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kila kilomita 100,000 hivi unatakiwa utoke, ukikatika gari inatembea valvu zinagongana na pistoni na hiyo injini ndo basi tena. Muuzaji akianza kujikunakuna, wewe hesabu haujabadilishwa, ubadilishe kabla hujanunua hata hema.

Sasa orodha yako. Keria ya chuma, hema la juu, madumu manne ya dizeli, maji, tairi mbili za spea, jeki kubwa, na vyote unataka viende juu! Maji lita 80 ni kilo 80, hayo madumu manne ya lita 20 ni kama kilo 67 bila uzito wa dumu lenyewe, ongeza na keria... kwenye kona au mteremko wenye kokoto gari inakuyumba mkononi. Mwaka 2016 nilipita njia hiyo hiyo nimepakia hivyo hivyo, na springi za nyuma zilikuwa zimefungwa na gereji moja kwa bei rahisi. Tumeshaiacha Itigi mbali, barabara ina vile vijituta vinavyotetemesha mpaka meno, nikasikia ta! gari ikainama kulia. Nikaingia chini na tochi. Jani kuu la springi limekatika karibu na bolti ya katikati, na ule mkato nusu yake unang'aa kama shilingi mpya, nusu nyingine nyeusi ina kutu, maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi na mimi nilikuwa natembea nao na watu ndani. Tulishusha mzigo wote wa juu, tukachomeka kipande cha gogo kati ya ekseli na chesisi, tukakifunga kwa vipande vya tyubu, tukaenda mwendo wa baiskeli mpaka usiku. Tangu siku ile sipakii kitu kizito juu. Maji na vyuma vinakaa chini nyuma ya siti za mbele, juu ni magodoro na hema jepesi basi, na jani kuu la akiba natembea nalo.

Na madumu ya dizeli huenda hata huyahitaji. Mkonga mrefu mwingi una tenki mbili za lita 90, hata ukipiga hesabu mbaya ya lita 17 kwa kilomita 100 unapata zaidi ya kilomita 1,000. Angalia tu yako inazo zote mbili na swichi ya kubadilisha inafanya kazi.

Hela ya winchi, ile mashine ya kujivuta kwa waya, naomba uihamishie kwenye tairi na springi. Kwenye mbuga ya udongo mweusi mara nyingi huoni hata mti wa kufungia waya. Nunua tairi tano mpya za 7.50R16, nyembamba, zenye tyubu, ambazo hata Rungwa utapata mtu wa kuziba, na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri, ili kwenye mchanga upunguze upepo mpaka kama PSI 20 halafu ujaze tena ukitoka. Rimu zikiwa zile zenye ringi ya chuma inayoshikilia tairi, wakati wa kujaza zungushia mnyororo na watoto wakae mbali kabisa, ringi ikiruka inaua. Ongeza sepetu mbili, kamba ya kuvutia, na ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, bila ubao jeki inazama yenyewe.

Habu za mbele, zile za kuzungusha kwa mkono ili magurudumu ya mbele nayo yavute, zifunge kabla ya kuingia kwenye tope, usisubiri mpaka umezama unazitafuta kwa vidole, na Mama Nasra naye mfundishe. Ukirudi kwenye lami kavu toa fowili, gari ivute kwa nyuma tu.

Kingine dizeli ya kwenye madumu ya vijijini. Ikiwaka taa ya filta, zima, kata chupa ya maji, iweke chini ya filta ufungue ile koki ya chini huku unapampu kwa mkono juu. Utaona maji yanakaa chini ya chupa na dizeli inaelea juu yake. Endelea mpaka itoke dizeli tupu, ufunge, upampu mpaka iwe ngumu, uwashe.

Bima usisahau kadi ya njano ya COMESA, chukua hapa hapa kabla hujafika Tunduma.

Na hiyo gari ya tatu kwenye picha, ile nyeupe, naipenda ila umesema imekaa Tanga miaka yote na chumvi ya pwani inakula chesisi kwa ndani, rangi mpya haikuonyeshi kitu. Mwambie mwenyewe ailete Moshi, mimi nitashuka Jumamosi na bisibisi yangu, niingie chini nichokoe pale springi za nyuma zinapofungwa. Usitoe hata advansi mpaka nikupigie.

Wasalimie wote.