Woga wa kuongea mbele za watu, na miwani tunayotumia kuutibu hapa Mwanga, Kigoma

Majira ya usaili wa kazi yakikaribia, simu zinazoingia ofisini kwetu huwa nyingi. Anayepiga huanza kwa kusema ana presha, au tumbo linamsumbua, au amesahau yote aliyosoma chuoni. Ukimsikiliza vizuri unakuta majibu anayo akiwa chumbani kwake. Tatizo ni pale watu watatu wanapomkazia macho: mdomo unakauka, mikono inatetemeka, na kichwani limebaki wazo moja tu, kwamba wameshamwona hafai.

Wapo pia ambao hawatafuti kazi. Mama ameacha kikoba kwa sababu kila mwanachama lazima asimame aseme. Mwalimu anafundisha vizuri darasani, lakini kikao cha wazazi kikitangazwa anaugua. Aibu ya kawaida hupungua ukishawazoea watu. Hii hudumu miezi na miaka, na mtu anaanza kupanga maisha yake kwa kukwepa. Wataalamu huiita hofu ya kijamii. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, ndiyo maana wengi huamini ndivyo walivyoumbwa.

Kukwepa ndiko kunakoikuza. Ukitoka kikaoni kabla zamu yako haijafika unapata nafuu papo hapo, na mwili unajifunza kuwa kuondoka ndiko kulikokuokoa. Tiba inakwenda kinyume chake: unakaa na hofu, hatua kwa hatua, mpaka uone mwenyewe kwamba ulichokiogopa hakikutokea, au kimetokea na umekimudu.

Sasa, utafanyia wapi mazoezi hayo? Mji wetu ni mdogo. Ukikwama kuongea hapa Mwanga asubuhi, jioni Ujiji wanazo habari, tena anayekuuliza ni shangazi yako. Kwa sababu hiyo tunatumia miwani ya uhalisia pepe. Unaivaa usoni, unauona ukumbi wenye watu, na ukigeuza kichwa ukumbi nao unageuka. Unajua kabisa kwamba umekaa kwenye kiti ofisini kwetu, lakini jasho linalokutoka ni la kweli. Ukikosea hakuna wa kwenda kusimulia, na tunaweza kurudia dakika zile zile mara nyingi tutakavyo.

Tunaanza na watu wachache waliotulia. Tunakuuliza hofu yako iko ngapi, kuanzia 0 hadi 100. Ukisema 70, hatukimbilii kuizima; unaendelea kuongea. Ukishaimudu hatua hiyo tunaongeza watu: mmoja anapiga miayo, mwingine anachezea simu, wawili wananong'onezana. Anayepiga miayo huwaumiza wengi kuliko anayeuliza swali gumu.

Kabla hujaanza unaandika unachotegemea kitatokea, kwa mfano, "Nitakwama dakika nzima." Tunarekodi sauti yako, kisha tunaisikiliza pamoja. Ile dakika nzima mara nyingi inageuka kuwa sekunde chache. Hapo hapo tunazitafuta kinga zako: kushika karatasi kwa mikono miwili isionekane inatetemeka, kuongea harakaharaka ili umalize, kutazama ukuta. Tunaziondoa moja baada ya nyingine, na kwa maoni yetu kazi hii ina uzito kuliko miwani yenyewe.

Programu nyingi zimetengenezwa nje na watu wake huuliza kwa Kiingereza. Tunazima sauti zao, maswali tunauliza sisi wenyewe kwa Kiswahili: jitambulishe, kwa nini tukuajiri wewe.

Njia hii haikuanza jana. Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa kutibu hofu ya urefu kwa vifaa vya namna hii. Mwaka 2013 timu ya Page Anderson, huko huko Marekani, iliilinganisha na tiba ya kikundi kwa watu wenye hofu ya kijamii. Zote mbili zilisaidia, na nafuu ilikuwepo hata baada ya mwaka. Kwa hiyo hatukuambii kwamba bila miwani huponi. Mazoezi ya ana kwa ana yanafanya kazi, na sisi wenyewe tunakutoa kwenye miwani mapema: unakwenda sokoni kuuliza bei bila kununua, unasimama kikaoni na kuuliza swali moja.

Ukiwa na kifafa tuambie kabla, maana miwani hii huenda isikufae. Wengine hupata kizunguzungu au kichefuchefu, tunasimama, tunapumzika. Kama unatumia dawa ulizoandikiwa, usiziache kwa ajili yetu. Na kama umefika mahali pa kutamani kufa, au unasikia sauti ambazo wengine hawasikii, usisubiri nafasi kwetu. Nenda leo Hospitali ya Maweni, na ukiweza nenda na ndugu.

Siku ya kwanza hatuvai miwani. Tunazungumza tu, mlango umefungwa, na bei unaijua kabla hujaamua. Ukiona kupiga simu ni kazi nzito, tuma ujumbe mfupi, tutakujibu kwa ujumbe.