Turudishieni simu moja tu ndani ya ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mama wa miaka 68, nakaa Kiborloni hapa Moshi, na kwa miaka 19 nilikuwa opereta wa simu. Vijana huenda hawajui kazi hiyo ilikuwaje. Unakaa mbele ya suichibodi, yaani ubao wa kuunganishia simu, visikilizio kichwani, plagi yenye waya mkononi. Taa ikiwaka unachomeka, unaitikia "Moshi!", unauliza namba, na mama wa Rombo anaongea na mwanawe aliyeko Tanga. Nilianza 1978, mwaka mmoja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na Tanzania kubaki na Shirika lake la Posta na Simu. Nayasema haya ili ijulikane kwamba habari za simu siziandiki kwa kubahatisha.

Mwezi Machi mwaka huu dada yangu, mwenye miaka 76, alikuwa anarudi kutoka Marekani, alikokwenda kumpikia mtori binti yake aliyejifungua. Tulikwenda uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, na gari mbili za Noah, wajukuu wamevaa nguo za sikukuu. Ndege ilitua kwa wakati. Abiria wakaanza kutoka, watalii na mabegi yao ya kupandia mlima, wafanyabiashara wa Arusha, familia moja ya Kihindi, halafu kijana mmoja peke yake, halafu basi. Mfanyakazi wa pale akatuambia kwa upole kwamba wameisha.

Tukampigia binti, simu ikaita bila kupokelewa. Kazi yake ni kutunza wazee, na wakiwa zamu simu zao hukaa kabatini. Dada mwenyewe ana kitochi ambacho laini yake haifanyi kazi nje ya nchi. Tukarudi Moshi usiku ule hakuna anayeongea garini. Shemeji yangu, mzee wa miaka 81, alikaa barazani hadi kunakucha akiwa na koti lake la kanisani alilovaa kwa ajili ya kumpokea mke wake. Kila tulipomwambia alivue akalale, alitikisa kichwa. Binti alipopiga baadaye usiku, naye alijua tu kwamba mama alipanda ndege ya kwanza.

Kesho yake saa tisa alasiri simu yangu ikaita kwa namba nisiyoijua. Dada alikuwa KIA, ameazima simu ya dereva teksi. Alisema maneno machache tu: "Ni mimi. Nipo. Njooni."

Kumbe ndege ya kwanza ilichelewa, akaikosa ya kuunganisha kule Ulaya, akalala kwenye viti vya uwanjani, na asubuhi akapandishwa nyingine. Kilichonifanya nishike kalamu ni alichonisimulia kuhusu hiyo ndege ya pili. Alimwendea mhudumu na kumwomba, kwa Kiingereza chake kidogo, awapigie watu wa nyumbani. Namba yangu anayo kichwani, akaitaja tarakimu zote kumi. Mhudumu, binti mwenye adabu tu, akamtolea kikaratasi kutoka mfuko wa siti: washa simu yako, ingia kwenye intaneti ya ndege, chagua kifurushi, lipa kwa kadi. Dada hana simu janja na hana kadi. Akarudi kukaa. Alisafiri saa nane na zaidi ndani ya ndege ambayo abiria wa pembeni yake alikuwa anatuma picha za chakula, huku mume wake hajui kama yu hai.

Sasa, Mhariri, mimi niliwahi kuiona simu ndani ya siti ya ndege kwa macho yangu, na niliishika. Ilikuwa 1997, wanawake kumi na wawili wa usharika tulialikwa Ujerumani na usharika rafiki. Wakati wa kurudi, kila siti tatu zilikuwa na simu moja, imelazwa kwenye mgongo wa siti ya mbele. Ukibonyeza inachomoka. Ilikuwa ya kijivu, nyembamba kuliko za ofisini kwetu, vibonye vya namba viko upande wa ndani wa mkono wa simu, na ubavuni ina mfereji wa kupitishia kadi ya benki. Waya wake ulikuwa unavutika na kurudi wenyewe ndani kama futi ya chuma ya fundi seremala. Niliivuta na kuirudisha mara tatu. Wenzangu walikuwa wanaimba kwa sauti ya chini, mimi nimeinamia simu kama fundi.

Bwana mmoja wa Nairobi aliyekaa upande wa pili alipitisha kadi yake, akabonyeza, akasubiri, akaongea na mkewe. Ilichukua dakika mbili hivi. Akakata, akavuta pumzi, akalala. Mpaka leo naikumbuka ile pumzi yake.

Nilipofika kazini niliuliza mafundi wetu, na baadaye nikaendelea kufuatilia kwa kusoma. Aliyeanzisha jambo lenyewe ni Mmarekani John Goeken, yuleyule aliyeanzisha kampuni ya MCI, ambayo ilikuja kushindana na kampuni kubwa ya simu ya AT&T katika simu za mbali. Huduma yake iliitwa Airfone na ilianza 1984. Mwanzoni simu hazikuwa kwenye siti. Zilikuwa chache, zimening'inizwa ukutani, hazina waya. Ukichomeka kadi, mashine inaishika kadi yako na kukuachia simu, unakwenda nayo kwenye siti yako, na ukiirudisha unapewa kadi. Sawa kabisa na kuweka kitambulisho rehani. Bei ilikuwa dola 7.50 kwa dakika tatu za kwanza na dola 1.25 kwa kila dakika iliyozidi. Nilipolisoma hilo la dakika tatu nilihisi nimekutana na ndugu. Sisi nasi tulihesabu simu za mbali kwa dakika tatu tatu, na ilikuwa kazi yangu kuingia katikati na kusema, "Dakika tatu zimekwisha, unaendelea?" Nimewahi kuwaacha watu wanaolia waongee mpaka dakika ya nne bila kuingia, na sijutii.

Marekani sauti ilitoka kwenye ndege kwa redio hadi minara iliyo chini. Kwa ndege zinazovuka bahari hakuna minara, kwa hiyo ilipandishwa kwenye setilaiti za Inmarsat, karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, kisha ikashushwa kwenye kituo cha ardhini na kuingia kwenye waya kama simu nyingine yoyote. Ndugu zetu wa Kenya walikuwa na kituo cha namna hiyo, cha simu za ng'ambo, pale Longonot tangu 1970. Njia hiyo ni ndefu, jibu huchelewa kidogo, na watu wawili hugongana maneno. Tulikuwa tukiwaambia wateja wa ng'ambo: sema, nyamaza, subiri.

Nikiyasimulia haya watu huniambia, mama, zile simu zilikufa kwa sababu hazikutumiwa. Ni kweli. Bei ilikuwa inatisha, na abiria wakaanza kuwa na simu zao mfukoni. Kampuni ya Verizon, iliyokuwa imeirithi Airfone, iliifunga katika mashirika ya ndege mwishoni mwa 2006. Masafa ya redio yaliyokuwa ya simu zile yalipigwa mnada mwaka huohuo, na sehemu kubwa ikaenda kwenye intaneti ya ndani ya ndege. Hapo ndipo pananiuma. Njia ya sauti iligeuzwa kuwa njia ya intaneti, na katika kugeuzwa huko akaachwa nje mtu asiye na kifaa chake mwenyewe. Simu ya siti ilidai kadi tu, na kadi unaweza kuazimwa na jirani, kama yule bwana wa Nairobi ambaye nina hakika angenipitishia yake kama ningekuwa na msiba. Intaneti inadai kadi, simu janja, na akili ya kuvuka kurasa nne za Kiingereza.

Kuna wanaosema pia kwamba watu wakipiga simu ndani ya ndege itakuwa kelele. Nakubaliana nao. Sitaki kukaa saa nane karibu na mtu anayegombana na fundi wake wa nyumba. Marekani wamekataza simu za mkononi za kawaida angani tangu 1991, kwa kuwa simu iliyo juu kiasi kile hufikia minara mingi kwa mara moja na kuivuruga. Emirates walianza kuruhusu simu za mkononi mwaka 2008 kwa kutumia mtambo maalumu ndani ya ndege, na kila shirika lina utaratibu wake. Mimi siombi hayo. Siombi hata simu ya kila siti.

Naomba simu moja. Ikae pale wanapokaa wahudumu, karibu na jiko lao. Abiria mwenye dharura aende, ataje namba na sentensi moja, mhudumu aipige au aiandike na kuituma. Njia ipo. Marubani hutumiana ujumbe wa maandishi na ofisi zao za chini kwa mtambo uitwao ACARS tangu 1978, mwaka uleule nilioanza kazi. "Nimechelewa, nafika leo saa tisa" ni maneno matano. Shemeji yangu angevua koti akalala.

Na pawe na mtu upande wa pili. Hili nalisema kwa uchungu kuliko yote. Septemba 11, 2001, ndani ya ndege ya United namba 93 iliyotekwa, abiria wengi waliopiga simu walitumia hizi simu za siti. Mmoja wao, Todd Beamer, alipokelewa na msimamizi wa maopereta wa Airfone aitwaye Lisa Jefferson. Mama huyu hakuwa anamjua. Alikaa naye kwenye laini karibu robo saa, akamsikiliza, wakasali pamoja Sala ya Bwana, akapokea salamu za familia yake, na akazifikisha. Kila aliyewahi kuvaa visikilizio anaelewa alichofanya. Usiku mmoja, mwaka 1986, mzee wa Kibosho alikuja kumtafuta kwa simu mwanawe aliyekuwa Mwanza, amwambie mama yake amefariki. Mtoto hakupatikana, na mzee alikuwa na safari ya kurudi mlimani kwa miguu. Nikamwambia, baba, niachie mimi maneno. Nilipiga saa nne, nikapiga saa sita, nikampata saa kumi alfajiri. Yule kijana hajawahi kuniona, lakini nilisikia alivyokaa kimya, nikangoja naye mpaka akaweza kusema asante.

Kadi ya benki haiwezi kungoja na mtu namna hiyo.

Naomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga iyafikirie haya, hasa kwa ndege zinazokuja KIA. Abiria wake wengi ni watalii, lakini katikati yao wapo akina mama na akina baba wanaotoka kulea wajukuu Ulaya na Marekani, wamevaa makoti waliyonunuliwa na watoto wao, na wapo wanaowahi mazishi. Mashirika ya ndege nayo yaone kwamba ombi hili halina gharama ya kutisha.

Binti amesema mtoto atabatizwa Desemba na anamtaka mama yake awepo. Dada amekubali kwenda. Juzi nimechukua kipande cha kitambaa cheupe, nimedarizi namba yangu kwa uzi mweusi, na chini yake maneno ya Kiingereza ya kumwomba anayesoma apige. Nimekishonea ndani ya koti lake, upande wa kushoto, mahali ambapo mkono wake wa kulia unafika kwa urahisi.

Opereta mstaafu,
Kiborloni, Moshi