Asante, dada wa viputo, uwanja wa Jomo Kenyatta, Kisumu

Dada uliyekuwa meza ya pili kutoka kwetu siku ya familia, hukutuachia jina, basi pokea asante hapa. Watoto walitulia kwa viputo vyako vya sabuni, wazazi wakachagua vikapu tunavyouza bila kuvutwa mkono.

Wengi wanaulizia ile dawa yako ya kupulizia viputo. Ni maji safi vikombe 6, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kikombe 1, gliserini vijiko 2 vya mezani (sukari nayo inafaa, ila huita nyuki). Koroga polepole, maana povu likijaa juu, viputo hupasuka kabla havijatoka kwenye kitanzi. Ilale usiku kucha. Kitanzi ni waya uliozungushiwa uzi wa pamba, maana waya mtupu haushiki maji ya kutosha.

Upepo wa ziwa ukianza mchana, watoto wahamie upande unaopeleka viputo mbali na meza, la sivyo sabuni inatua kwenye vitambaa. Beseni la dawa likae kwenye nyasi, kamwe si juu ya turubai: turubai likilowa sabuni, ni kuteleza tu.

Kitanzi chako kikubwa kimebaki kwetu. Tupo soko la Kibuye kila Jumapili, upande wa vikapu.