Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: mwaka wangu wa kuzaliwa haumo kwenye fomu yenu

Mheshimiwa Waziri,

Ningekuamkia shikamoo kwa heshima ya cheo, ila kwa umri nadhani wewe ndo ungeniamkia mimi, basi tuishie kwenye salamu za kawaida.

Nimezaliwa 1962, nimestaafu, wajukuu ninao, na nataka kusoma digrii ya historia. Sasa juzi nikaingia kwenye mfumo wa maombi wa chuo kimoja, sitakitaja maana najua hakiko peke yake, nikajaza jina, nikajaza namba ya simu, nikafika pale pa kuchagua mwaka wa kuzaliwa, nikashuka, nikashuka, kidole kikachoka, orodha ikagota 1970. Chini yake hakuna kitu. Nikajaribu kuandika mwenyewe ikaniletea maandishi mekundu eti taarifa si sahihi. Yaani kuzaliwa kwangu si sahihi! Mjukuu alikuwa pembeni akasema babu weka tu 1970 twende mbele, nikamwambia hapana, chuo sikianzi kwa uongo.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea mstaarabu kabisa, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Sawa baba, na huyo mtoto unayemwombea amemaliza shule mwaka gani?"

Unaona Mheshimiwa, hakuna aliyenikataza. Angekuwepo wa kunikataza ningebishana naye. Shida ni kwamba waliokaa kutengeneza ile fomu hawakuwaza kama mtu wa aina yangu yupo.

Na tupo, tena si jambo la jana. Toulouse kule Ufaransa walianzisha chuo cha wazee tangu 1973 na mfano huo ukasambaa nchi nyingi. Open University ya Uingereza ilianza kufundisha 1971 kwa masafa, bila kumdai mtu vyeti ndo aingie. Mama mmoja Marekani, Nola Ochs, alimaliza digrii 2007 akiwa na miaka 95, na mzee Giuseppe Paternò wa Italia akamaliza yake 2020 akiwa na 96. Mbele ya hao mimi bado kijana.

Kuna wanaosema kichwa cha mzee kimechoka. Spidi imepungua kweli, sibishi, na majina ya watu yananipotea hovyo, ila msamiati na uelewa uliojengwa miaka mingi hauondoki haraka hivyo, hata watafiti wa mambo ya akili wanalijua hilo. Mniongezee dakika kwenye mtihani na maandishi yawe makubwa kidogo, basi.

Hoja ninayoiheshimu ni ile ya kwamba nitakalia kiti cha kijana. Nina watoto, naielewa. Lakini mimi siombi mkopo wala kitanda bwenini, nipeni darasa la jioni, au kama mnaogopa sana niruhusuni nikae nyuma nisikilize bila kufanya mtihani. Vyuo vya Ujerumani vina utaratibu huo wa wasikilizaji na wastaafu wamejaa humo.

Jingine dogo, ingawa kwangu si dogo. Fomu inataka alama zangu za hisabati za 1981. Nimefunga hesabu za ofisi miaka 34, shilingi haikupotea, halafu napimwa kwa mtihani niliofanya nina malaria! Tafuteni namna ya kuupima ujuzi alionao mtu leo, hata kwa usaili, nitakuja na miwani yangu.

Kwa kuanzia sihitaji sera wala kamati wala semina. Mwite kijana wa kompyuta, mwambie ashushe ile orodha ifike angalau 1930, ni kazi ya dakika 5. Dirisha la maombi linafungwa mwezi ujao, na mimi kila asubuhi nafungua ile fomu kuangalia.

Wako,
Mwombaji aliyeishia kwenye kipengele cha tatu