Wauza kompyuta za mtumba waache kunyamazisha feni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowaumiza wanunuzi wa kompyuta za mtumba hapa Mwanza. Mimi ni fundi, kibanda changu kipo Mabatini, na wateja wangu wengi ni wenye steshenari, walimu na vijana wa vyuo. Kinachonikera ni mchezo wa baadhi ya wauzaji kuzipunguza kasi feni kwa programu kabla ya kuuza, ili mnunuzi asikie ukimya na aamini amepata mashine nzima.

Kompyuta iliyotumika miaka mingi huja na vumbi ndani, na pesti ya kupitisha joto, iliyo kati ya prosesa (chipu kuu inayofanya kazi za kompyuta) na chuma cha kupoza, huwa imekauka. Ukiiwasha, joto linapanda na feni inakimbia kulifukuza. Mnunuzi akisikia ule mvumo ataanza kuuliza maswali. Dawa yake ni kusafisha na kupaka pesti mpya, kazi isiyomaliza hata asubuhi moja. Badala yake muuzaji anaingia kwenye bayosi, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, au anafungua programu ya feni, anaishusha kasi mpaka chini kabisa na kuiacha hapo. Ni sawa na kukata waya wa taa ya oili kwenye hiace kisha ukaipeleka sokoni.

Wengi hawajui kama feni inaweza kuamriwa hivyo, kwa hiyo nieleze kidogo. Feni nyingi za kompyuta za mezani siku hizi zina nyaya nne. Mbili zinaleta umeme wa volti 12. Wa tatu unarudisha taarifa: kila feni ikizunguka mara moja, unapeleka mapigo mawili kwenye madabodi, ile bodi kuu ya mashine, nayo inayahesabu na kujua mizunguko kwa dakika. Wa nne ndio wa amri, unapeleka mapigo ya kuwasha na kuzima yapatayo 25,000 kwa sekunde, na jinsi sehemu ya kuwasha inavyokuwa ndefu ndivyo feni inavyokaza mwendo. Feni ya nyaya tatu haina huo wa amri, kwa hiyo madabodi huipunguzia volti. Programu inasoma ule wa tatu na kuuelekeza ule wa nne, basi.

Mama mmoja mwenye steshenari kule Malimbe, karibu na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, aliniletea mashine yake wakati wanafunzi wamejaa dukani kwake wakichapa ripoti zao za mafunzo kwa vitendo. "Fundi," akaniambia, "hii mashine haina kelele hata kidogo, ila ikifika mchana inaburuta mpaka wateja wananikimbia. Aliyeniuzia alisema ukimya ndio uzima wake."

Nikaiwekea HWiNFO, programu ya kusoma joto na kasi ya feni, nikafungua ukurasa wa vipimo mbele yake. Mashine haifanyi kazi yoyote, prosesa iko nyuzi 71. Nikaipa kazi nzito, na haikuchukua muda ikagonga 100. Jicho langu lilikuwa kwenye mstari wa feni: mizunguko 640 kwa dakika, na hapo haikutikisika, joto lipande lisipande. Prosesa ikaanza kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na huko ndiko kuburuta alikokuwa akikulalamikia. Kwenye bayosi tukakuta feni imetolewa kwenye mpangilio wa kujiendesha, imefungiwa kasi ya chini kwa mkono. Kufungua kasha, chuma cha kupoza kimezibwa na vumbi lililogandamana na wadudu wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi na usiku wanafuata taa za maduka. Tulisafisha, tukapaka pesti, tukarudisha feni kwenye mpangilio wake. Kwa kazi ile ile joto likabaki kwenye sitini na kitu. Mama wa watu alikuwa ameshaanza kutafuta fedha za mashine nyingine.

Ndiyo maana nasema programu hizi mnunuzi azijue, maana zinamsaidia yeye kuliko zinavyomsaidia mdanganyifu. Joto na kasi ya feni visomwe pamoja. Joto likiwa juu na feni inazubaa, huenda kuna mtu ameigusa mipangilio. Joto likiwa juu na feni inakimbia kwa nguvu zote, njia ya hewa imeziba au pesti imekufa, na hapo hakuna programu itakayokusaidia, fungua mashine. Feni ikisoma sifuri, angalia kwa macho kama kweli imesimama, kwa sababu wakati mwingine ni programu tu isiyoielewa madabodi husika. SpeedFan, programu ya feni ambayo mafundi wa zamani tuliipenda sana, haijapata toleo jipya kwa miaka mingi na kwenye mashine mpya inaweza kukupa namba za ajabu. Kwa mashine zisizotumia Windows bali Linux, kuna programu ya vipimo iitwayo lm-sensors. Usifungue programu mbili za aina hii kwa wakati mmoja, zinagombania chipu moja ya vipimo na vipimo vinavurugika.

Kwa laptopu mambo ni magumu kidogo, nyingi haziruhusu programu ya nje kuigusa feni. Lakini kwenye Windows angalia mipangilio ya umeme, sehemu ya sera ya upozaji. Ikiwekwa ile ya kutulia, mashine inapunguza kwanza kasi ya prosesa ndipo iongeze feni. Nayo hutumika kuficha mvumo.

Sipingi mtu kupunguza kelele ya mashine yake mwenyewe. Anayerekodi vipindi vya redio au kwaya ana haki ya ukimya. Ila ushauri wangu, kama mashine imeshasafishwa, mpangilio wa feni uwekwe kwenye bayosi ambako madabodi yenyewe inausimamia, na programu ibaki ya kutazamia. Programu ya kuamuru ikikwama, feni inaweza kubaki kwenye kasi iliyoachwa nayo, hata kama joto linazidi kupanda.

Naiomba Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mlaji, na maofisa biashara wa Nyamagana na Ilemela, walitazame hili. Duka linalouza kompyuta za mtumba limwonyeshe mteja vipimo kwenye skrini, mashine ikiwa kazini kwa dakika 10, kabla hajatoa fedha. Ndugu mnunuzi, ukikataliwa dakika hizo, nenda duka la jirani. Na mafundi wenzangu, tuandike joto la prosesa na kasi ya feni kwenye risiti ya kila mashine tunayoirudisha kwa mwenyewe. Mimi nimeshaanza.

Fundi wa Kompyuta,
Mabatini, Mwanza