Barua ya malalamiko: kadi ya grafiki isiyolingana na kompyuta niliyoitaja kabla ya kulipa

Mwanga,
Kigoma.
14 Juni 2023

Meneja wa Duka,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KADI YA GRAFIKI GTX 1650 NILIYOINUNUA TAREHE 22 MEI 2023

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga picha na mhariri wa video za harusi hapa Mwanga. Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu nimekwisha kuzungumza na vijana wenu watatu, na kila mmoja amenipa jibu lake.

Tarehe 22 Mei, kabla sijalipa hata shilingi moja, nilimwandikia muuzaji wenu kwa WhatsApp kwamba kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010 ya kasha la kusimama, toleo la mwaka 2012, yenye prosesa ya Core i5-3470 na pawasaplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme) ya wati 275 ambayo haina waya wa kulisha kadi ya grafiki, yaani kadi inayoshughulikia picha na video. Nilimtumia na picha mbili, moja ya kibandiko cha pawasaplai na nyingine ya ndani ya kasha, ili azione waya zilizomo kwa macho yake. Nikamwomba GTX 1650 isiyo na soketi ya umeme, yaani ile inayochukua umeme wake wote kwenye sloti inamopachikwa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Jibu lake ninalo hadi leo: "Inaingia bila shida mkuu, hiyo haihitaji waya." Kwa kuliamini jibu hilo nilituma Sh 430,000 za kadi na Sh 15,000 za kusafirishia mzigo kwa basi.

Naomba nieleze kwa nini nililikazania jambo hili, maana mmoja wa vijana wenu aliniambia kwamba "1650 ni 1650 tu". Kadi hiyo, iliyotoka Aprili 2019, inatumia wati 75, na sloti hiyo ya kupachikia kadi, iitwayo PCI Express, iliyomo kwenye kompyuta yangu hukadiriwa kutoa wati hizo hizo 75. Ndiyo maana kuna watengenezaji wanaoiuza bila soketi yoyote, na kuna wanaoiongezea soketi ya pini sita, hasa wanapokuwa wameipandisha kasi. Jina la mbele ya boksi ni lile lile na kumbukumbu ni GB 4 zile zile, kwa hiyo anayesoma jina peke yake hawezi kuzitofautisha. Lakini muuzaji aliyeandikiwa kwa maneno na kutumiwa picha hakuwa na sababu ya kusoma jina peke yake. Sifichi kwamba mtengenezaji wa chipu anapendekeza pawasaplai ya wati 300. Hilo nalo niliuliza, nikajibiwa kwamba prosesa ni ya wati 77 na diski ni moja, hivyo wati 275 zitatosha. Kwa hesabu hiyo sina ugomvi nanyi. Ugomvi wangu ni soketi.

Mzigo niliuchukua stendi ya Masanga Jumamosi tarehe 27 Mei. Nilipoitoa kadi kwenye mfuko wake niliona, kwenye ukingo wa juu karibu na pembe ya nyuma, soketi nyeusi ya matundu sita. Fundi wangu aliipachika hata hivyo ili tusije tukalalamika bure. Feni zilizunguka, kisha kwenye kioo yakaja maandishi ya kututaka tuzime kompyuta na kuunganisha waya wa umeme wa kadi. Tulizima. Tukapekua ndani ya kasha kuutafuta waya huo, ingawa sote wawili tulijua haumo.

Nilipopiga simu siku hiyo hiyo, kijana wa kwanza alinishauri ninunue adapta ya kutoa umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, na kuupeleka kwenye pini sita. Ushauri huu ndio ulionisikitisha kuliko yote. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, na kila moja imekadiriwa kubeba ampea 1.5, ambazo kwa jumla ni wati 54. Soketi ya pini sita imekadiriwa wati 75. Fundi wangu anayo adapta ya aina hiyo dukani kwake, na plastiki yake imekuwa ya kahawia upande mmoja kwa joto la kompyuta ya mteja mwingine. Alinionyesha, akairudisha kwenye droo, akaniambia kazi hiyo nitafute mtu mwingine wa kuifanya. Nashangaa duka linalouza vifaa hivi kila siku linampa mteja ushauri ambao fundi wa mtaani anaukataa.

Kijana wa pili alisema ninunue pawasaplai mpya kwenu. Hiyo ni gharama niliyoikwepa tangu ujumbe wangu wa kwanza.

Wa tatu alikuja na pendekezo lenye sura ya wema: nirudishe kadi nipewe kadi nyingine, Radeon RX 6400, ambayo kweli haihitaji waya kwani inatumia wati 53. Nililifikiria kwa siku mbili kisha nikalikataa. RX 6400 haina sehemu ya kusimba video ndani ya chipu yake, yaani ya kuibana video iwe faili la mwisho bila kuiachia prosesa kazi hiyo, na hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa nikiitafuta nilipochagua GTX 1650. Video ya harusi yenye urefu wa saa mbili inachukua usiku mzima kurenda, yaani kutolewa kama faili la mwisho, kwa prosesa yangu, na umeme ukikatika saa tisa usiku naanza upya asubuhi. Isitoshe, kadi hiyo inatumia njia nne tu za kupitishia data za PCI Express na imeundwa kwa toleo la 4.0, wakati madabodi yangu inaishia 3.0, ambako kila njia hupitisha nusu ya data. Inaweza kumfaa mtu mwingine mwenye kazi nyingine.

Nilipokataa, niliambiwa kwamba boksi limekwisha kufunguliwa na kwamba risiti imeandikwa "mali ikishauzwa hairudishwi". Sijui ningeionaje soketi bila kufungua boksi. Na maandishi hayo hayaondoi wajibu wa muuzaji: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na maelezo yangu yalikuwa "isiyo na soketi ya umeme".

Kwa hiyo naomba, ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, mnibadilishie kwa GTX 1650 isiyo na soketi, au mnirudishie Sh 430,000 pamoja na Sh 15,000 za usafiri. Na kwa vyovyote gharama ya kuirudisha kadi Dar es Salaam iwe juu yenu. Kabla ya kuituma kadi nyingine, naomba mnipigie picha ya ukingo wake wa juu. Siku hizo zikipita bila jibu, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani pamoja na nakala za ujumbe wote.

Nimeambatanisha nakala ya risiti ya EFD, picha za mazungumzo yetu ya tarehe 22 Mei, picha ya soketi na picha ya kioo chenye maandishi niliyoyataja. Kadi imo kwenye mfuko na boksi lake, na imewashwa mara moja tu.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu,
Mwanga, Kigoma.